Shajara ya sanduku: karatasi za watoto wangu, Januari hadi Juni 2025

Jumamosi, 11 Januari

Naanza kuandika leo kwa sababu jana nililia mbele ya watoto, na sitaki kilio kile kipite bure.

Mwanangu wa kati amepangiwa Kidato cha Kwanza. Fomu ya kujiunga inataka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti tunacho, nilikifuata mwenyewe RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo, akiwa mdogo, na siku zote nilijua kimo kwenye katoni chini ya kitanda. Tumekitafuta siku tatu. Jana tulipovuta katoni ya kwanza, ilitoka bila kitako. Kitako kilibaki sakafuni, kimeshakuwa udongo. Mchwa walipanda kupitia ufa wa ukutani, upande wa bafuni, wakaanza kula kutoka chini kwenda juu kimyakimya, na juu karatasi zilikuwa zimekaa vizuri kama tulivyoziacha.

Cheti kilipatikana jioni, kizima, ndani ya daftari la Sayansi la dada yake. Mchwa wamekula madaftari ya chekechea ya huyuhuyu wa kati, yote, pamoja na michoro yake. Mmoja umebaki nusu. Ni wa kalamu za nta: mwanamke amevaa gauni la manjano, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshikana na mkono wa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ameliwa. Kimebaki kiganja chake tu, vidole vitano vilivyonyooka kama meno ya kitana.

Nikamuuliza mwanangu, "Huyu mwenye mwavuli ni nani?" Akautazama muda mrefu. "Sikumbuki, Mama. Labda wewe. Labda Mwalimu." Nikageuza nyuma, hakuna kitu. Hakuna jina, hakuna mwaka. Niliupokea siku alipouleta, nikasema ahsante mwanangu, nikauweka. Sikuandika.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Nina miaka 14 kwenye masjala ya ofisi ya umma hapa Tanga. Barua ya mtu nisiyemjua naipa namba ya folio, naiweka kwenye jalada lake, na miaka kumi baadaye naweza kuifikia kwa dakika chache. Karatasi za wanangu watatu nimezitunza kwa kuzisukumia chini ya kitanda. Nataka nizifanyie kazi ileile ninayowafanyia watu wengine.

Jumapili, 12 Januari

Tumetoa kila kitu sebuleni. Katoni tatu, mifuko minne ya rambo (ya zamani hiyo, kabla haijapigwa marufuku Juni 2019), begi la mgongoni lililokatika zipu, na bahasha za kaki zisizo na idadi. Madaftari peke yake 143. Baba watoto ameazima mizani kwa mwenye duka: kilo 31.

Katoni ya pili haikuliwa ila imelowa. Paa lilivuja wakati wa vuli na maji yakaingia upande mmoja. Karatasi zimeshikana, na zina ile harufu ya ukungu inayokaa kooni. Jambo la kwanza ambalo kila mtu alitaka kufanya ni kuzianika juani. Nimekataza. Jua la Januari la Tanga linakausha haraka, lakini linaikunja karatasi ikawa kama papa mkavu, na rangi za makapeni linazifuta mchana mmoja. Tumezitandaza kivulini barazani, juu ya shuka, feni ikipuliza kwa mbali, isizilenge moja kwa moja. Zilizogandana sizivuti. Naingiza karatasi nyeupe kavu kati ya kurasa pale zinapokubali kufunguka, nasubiri, nabadilisha.

Gazeti halifai kwa kazi hii, ingawa ndilo lililo karibu. Wino wake unahamia kwenye karatasi iliyolowa.

Ukungu haupanguswi ukiwa mbichi, unazidi kusambaa. Unaachwa ukauke kabisa, kisha unafagiliwa nje kwa brashi laini, pua na mdomo vimefungwa. Brashi nimenunua ya kupakia rangi, ya inchi moja. Watoto nimewaweka mbali na hatua hii. Kitinda mimba ana kifua.

Jumamosi, 18 Januari

Zimekauka. Kumi na saba zimeshindikana.

Leo nimekaa na swali ambalo kazini limeshajibiwa na sheria. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imetupa utaratibu: kuna kumbukumbu hai, ambazo ofisi inazitumia kila siku, kuna kumbukumbu tuli, ambazo matumizi yake yamepungua na zinahamishwa zisijaze masjala, na mwisho zinachambuliwa, nyingine zinateketezwa, nyingine zinakuwa nyaraka za kudumu. Nyumbani hakuna sheria, lakini mgawanyo ni uleule, na nikiufuata nusu ya kazi inajifanya yenyewe.

Hai ni zile zitakazoitwa na ofisi fulani siku usiyoitegemea: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha madrasa kwa wenye navyo, cheti cha kumaliza Darasa la Saba, ripoti za mwaka huu na uliopita, stakabadhi za malipo ya shule, picha za pasipoti zilizobaki. Hizi zinakaa pamoja, mahali ambapo mtu mzima yeyote wa nyumba hii anapajua gizani. Kila mtoto ana bahasha yake ya plastiki ya kufunga kwa kifungo, rangi yake mwenyewe. Mkubwa bluu, wa kati kijani, mdogo nyekundu. Zote tatu ziko ndani ya begi moja dogo linaloning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nyumba ikishika moto au maji yakiingia, anayetoka anabeba begi.

Kwenye kaunta buku nimenakili namba ya ingizo ya kila cheti cha kuzaliwa na namba ya mtihani ya kila aliyefanya mtihani wa Taifa. Karatasi ikipotea unaanzia polisi kuchukua ripoti ya upotevu, halafu unakwenda kwa aliyeitoa. Mwenye namba mkononi anahudumiwa mapema kuliko mwenye maelezo marefu. Hili nalijua kutoka upande wa pili wa dirisha.

Tuli ni ripoti za miaka ya nyuma, madaftari yaliyokwisha, mitihani iliyosahihishwa.

Halafu kuna fungu la tatu, ambalo masjala haina jina lake. Mchoro. Kadi ya Idi. Barua ya mtoto kwa mama yake. Ofisi yoyote ingelichoma leo hii, na ndilo lililoniliza.

Jumapili, 26 Januari

Siku nzima ya pini.

Asiyeishi pwani anaweza kudhani stepla ni kitu kidogo. Chukua mtihani wa Darasa la Tatu, wa mwaka 2018, kurasa nne zilizobanwa pembeni. Pini imeshika kutu, kutu imetoka kwenye pini ikaingia kwenye karatasi, na imechora doa la rangi ya chai lenye umbo lilelile la pini kwenye kurasa zote nne. Ukiifungua ule ukurasa wa juu kwa nguvu, kona inabaki mkononi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma hakidumu.

Ninavyozitoa: naigeuza karatasi, nainua miguu miwili ya pini kwa ncha ya kisu butu cha kupakia siagi, nikiwa nimeingiza kipande cha manila chini yake ili kisu kisikwaruze. Kisha nageuza na kuivuta pini kwa juu, taratibu. Nimetoa pini 212, zimejaa kwenye kikombe cha kahawa. Klipu za chuma nazo zimetoka. Mahali pake naikunja karatasi moja ya A3 katikati kama jalada na kuziingiza kurasa ndani. Hazihitaji kubanwa.

Rababendi zimeyeyuka zikawa kama ulimbo na kunata kwenye kava za madaftari. Selotepu imegeuka rangi ya kahawia, gundi yake imepenya, na plastiki yenyewe imebanduka ikaenda zake. Mtu mmoja (ni mimi, naukumbuka usiku ule) aliunganisha kwa selotepu cheti cha mkubwa cha kuhitimu chekechea kilichochanika, na sasa ufa uleule una mstari mpana wa kahawia pande zote mbili. Nimeuacha. Kukwangua kungeondoa na jina.

Kisa cha mifuko ya plastiki ya kuwekea karatasi ndicho kilichonishangaza zaidi. Ile ya bei ya chini, yenye harufu kali kama ya ndara mpya, imenyonya wino wa fotokopi. Nilivuta nakala ya ripoti ya 2016, karatasi ikatoka na herufi hafifu, na kwenye plastiki yamebaki maneno yote yamegeuzwa kama kwenye kioo, pamoja na "tabia: njema". Ile isiyo na harufu, laini, yenye ukungu kidogo ukiitazama, haikufanya hivyo. Kwa hiyo sasa nanunua kwa kunusa. Na mwenye steshenari ameshanizoea.

Yeye huyo alinishauri nilaminishe vyeti vyote. Nilimshukuru nikakataa. Cheti kikishapigwa moto ndani ya plastiki hakirudi tena, na siku plastiki ikianza kuachia pembeni, unyevu unaingia na hautoki. Isitoshe mimi nikiwa dirishani napenda kukiona cheti chenyewe, kukigusa, kuona mhuri ulivyokaa. Nilaminishe nakala, sawa. Si cheti chenyewe.

Jumamosi, 8 Februari

Pangani, kwa Mama.

Sikwenda kwa ajili ya mradi, nilikwenda kumjulia hali. Lakini baada ya shikamoo na marahaba na habari za mguu wake, nikamsimulia habari ya mchwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nyanyuka ukaniletee lile sanduku."

Ni sanduku la mbao, la bibi yangu, limeinuliwa juu ya matofali manne na limeachwa mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Ndani, juu kabisa, kanga. Chini ya kanga, doti nyingine imekunjwa kama bahasha, na ndani yake nilikuwemo mimi. Ripoti zangu za shule ya msingi, kuanzia Darasa la Kwanza. Kadi yangu ya kliniki, na mstari wa uzito uliochorwa kwa peni ya bluu ukishuka mwezi niliougua surua kisha ukipanda. Karatasi ya rula moja niliyoandika "Baba amekwenda bahari. Baba amerudi na changu." Nyuma, kwa mwandiko wa Mama, ambaye aliishia darasa la nne: *Kaandika mwenyewe. Mfungo tatu. Ana miaka saba.*

Karatasi ina zaidi ya miaka thelathini. Imebadilika rangi, imekuwa kama maziwa ya nazi ya jana, lakini haina doa wala tundu. Ile ni penseli, na penseli haipauki. Maandishi ya peni kwenye ripoti za miaka ileile yamefifia kuliko penseli yangu ya Darasa la Kwanza.

Nikamuuliza anafanyaje. Hakuna siri, alisema. Karafuu chache kwenye kitambaa, kila mwaka mpya. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa mpaka yakavunjika, yanawekwa chini ya kitambaa, hayagusi vitu. Na kila masika yakiisha, siku ya kwanza yenye upepo mkavu, sanduku linafunguliwa, kila kitu kinatolewa, kinapata hewa asubuhi moja, kinarudi.

"Wewe ulidhani kuweka ni kuweka," akaniambia. "Kuweka ni kurudia."

Nimerudi Tanga na basi la saa tisa, nimekipakata kile kikaratasi cha samaki changu. Amenikopesha. Amesisitiza ni mkopo.

Jumamosi, 22 Februari

Tranka limekuja. Fundi bati wa Ngamiani amelitengeneza kwa kipimo nilichompa: la bweni la kawaida lina urefu wa kutosha lakini ni jembamba, na mimi nilitaka boksi faili zisimame ndani bila kulazwa. Shilingi 55,000 na rangi juu. Rangi ndani na nje, maana bati tupu litafanya kutu na kutuletea shida ileile ya pini kwa ukubwa zaidi. Nimeliacha wazi siku nane mpaka harufu ya rangi iishe.

Limekaa juu ya miguu ya mbao ya sentimita 15, ukuta wa ndani wa chumba cha watoto, usiopakana na bafu. Jirani alishauri miguu isimame kwenye makopo ya oili chafu, na najua inafanya kazi, lakini si chumbani wanakolala watoto. Badala yake kila Jumamosi wa kati anamulika miguu kwa tochi ya simu. Mchwa hawatembei wazi, wanajenga njia nyembamba ya udongo. Ukiiona njia, umeshajua. Ufa wa bafuni umezibwa kwa saruji na fundi amepiga dawa.

Ndani: boksi faili moja kwa kila mtoto, karatasi za manila za kutenganisha miaka, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nimekusanya tisa. Vinashiba baada ya muda, kwa hiyo sivitegemei. Mwarobaini na karafuu kwenye vifuko vya kitambaa, pembeni, kwa sababu karafuu ina mafuta na mafuta yanaacha doa.

Sare ya kwanza ya mkubwa nayo imeingia, sketi ya bluu ya kiuno cha sentimita 48. Imefuliwa, ikasuuzwa mara tatu, haikutiwa wanga wala kupigwa pasi. Vile vijidudu vya rangi ya fedha vyenye mikia mitatu, vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani, vinapenda wanga kuliko nguo yenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani, kazi inakwenda pole pole, nusu saa kwa siku.

Napiga picha. Kila ukurasa unaobaki unapigwa, na baadhi ya yasiyobaki pia. Karibu na dirisha la mashariki, asubuhi, bila mwanga wa simu, karatasi juu ya kitambaa cheusi ili kingo zionekane. Programu ya kuskani ya simu inanyoosha pembe yenyewe. Jina la faili linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha mtoto, kisha kitu: 2019-06-kati-mchoro-samaki. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano, hata ukiyahamishia kwenye kompyuta nyingine.

Nilikosea mwanzoni nikawa najitumia picha kwa WhatsApp. Zinabanwa, na mwandiko wa penseli unakuwa kivuli. Sasa natuma kama faili, si kama picha, au nahamisha kwa waya. Nakala moja iko kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya pili kwenye flashi, na flashi hiyo inakaa Pangani kwenye kanga ya Mama. Flashi inakufa bila kuugua. Ya tatu ni karatasi yenyewe.

Vyeti vya kuzaliwa sivitumi kwenye kundi lolote la wazazi, hata mwalimu akiomba. Namfuata mwenyewe, au namtumia yeye peke yake. Jina kamili la mtoto, tarehe, jina la mama na la baba, vyote kwenye picha moja, kwenye simu za watu themanini. Hapana.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita. Mvua imeanza kwelikweli, kwa hiyo leo ni kazi ya ndani: kuchagua.

Sikutaka kuchagua peke yangu. Kila mtoto alipewa rundo lake na maswali mawili. Hiki kinaonyesha nini ambacho kingine hakionyeshi? Ungependa nani akione ukishakuwa mtu mzima? Daftari la kwanza la kuandika la kila mmoja linabaki zima, hilo halina mjadala, kwa sababu ndani yake unaona "a" ikianza imelala, ikainuka, ikasimama. Mengine tunachukua ukurasa au kurasa mbili kwa muhula.

Wa kati alimaliza kwa dakika ishirini. Alibakiza hesabu zote na akatupa insha zote. Nilitamani kusema neno. Sikusema.

Kitinda mimba hakutupa hata kimoja. Yuko Darasa la Pili, ana rundo la kufika magotini, na kila karatasi ina hadithi yake. Tulikubaliana hivi: anisimulie, mimi niandike nyuma, na yale yenye hadithi inayofanana tubaki na moja. Kuku walikuwa kumi na mmoja. Tumebaki na watatu. Ng'ombe wake wa udongo mbichi, aliyeshapoteza pembe na anadondosha vumbi kila akiguswa, tumempiga picha akiwa mikononi mwake, na kipimo kinaonekana: ng'ombe analala kwenye kiganja kimoja. Kisha tulimrudisha kwenye udongo wa bustani, kwa ombi lake.

Mkubwa ndiye aliyenishika moyo. Ana miaka 16. Alipitia rundo lake kimya, akatoa karatasi tatu, akaniomba zisiingie. Moja ni mtihani wa Darasa la Nne, wa Kiingereza, alama 9 kati ya 50, na maneno ya wino mwekundu ambayo siyarudii hapa. Nilikuwa sijawahi kuuona. Aliuficha miaka sita ndani ya kava la daftari, karatasi imekunjwa mara nne, na ile mikunjo imekaribia kuikata vipande.

Kazini singeruhusu. Jalada halitolewi folio kwa sababu mwenyewe haipendi; ndiyo maana ya jalada. Nilikaa na ile karatasi mkononi, na mazoea ya miaka 14 yakiniambia iweke, ni kumbukumbu, ni ukweli. Halafu nikamtazama alivyosimama. Jalada hili ni lake. Aliniamini mpaka akanionyesha, hiyo inatosha. Nilimpa, akaenda nayo jikoni. Sikumfuata.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mvua kutwa. Tumetenganisha yanayoondoka: kilo 19.

Mwuza karanga wa mtaani aliyataka, anatoa hela kidogo kwa kilo. Nilikuwa nakaribia kumpa. Wiki iliyopita nilinunua karanga zake, na nilipoukunjua ule mkunjo nikakuta zoezi la mtoto wa mtu, jina lote, shule, darasa, na "Jitahidi" kubwa jekundu. Nikayapeleka macho pembeni kama niliyefungua mlango wa chumba cha watu. Kwa hiyo: kava zote zimechanwa na kuteketezwa, kila ukurasa wenye jina umetolewa, na nilichompa ni kurasa za hesabu tupu. Kurasa nyeupe ambazo hazijaandikwa tumezichomoa na kuzishona upya kwa uzi, madaftari manne ya kuchezea.

Jumamosi, 17 Mei

Fupi. Miguu ya tranka safi. Ndani pakavu, isipokuwa boksi la chini upande wa kulia lina ubaridi kidogo ukigusa, nadhani nililisukuma sana likagusana na bati. Nimeweka vipande vya mbao kati. Vile vipakiti vya viatu vimetolewa.

Penseli yangu imekwisha, naanza ya pili. Kila karatasi sasa ina maneno nyuma, pembeni chini: nani, lini, nini. Penseli laini ya 2B, bila kukandamiza, mchoro ukiwa umelazwa juu ya kitu kigumu ili herufi zisitokeze upande wa mbele. Peni hapana. Wino unaonekana upande wa pili, na ile ya jeli ikilowa inakimbia.

Nusu ya mchoro wa mwavuli nayo nimeiandikia. *Wa kati. Chekechea, 2016 au 2017. Mwenye mwavuli hajulikani. Aliyeshikwa mkono hajulikani. Nusu ya pili ililiwa na mchwa, Januari 2025.* Nimeiweka ya kwanza kwenye boksi lake.

Jumamosi, 14 Juni

Masika yameisha. Shule zimefungwa. Jana usiku upepo umegeuka, na leo asubuhi barazani ilikuwa vile alivyosema Mama, kavu na baridi kidogo.

Tumefungua. Kila kitu kimetoka, kivulini, tangu saa mbili hadi saa tano. Karatasi tulizobakiza ni 418, madaftari mazima 9, sare moja, beji mbili. Hakuna ukungu. Hakuna njia ya udongo. Kijidudu kimoja cha fedha kimepatikana kwenye boksi la mkubwa na wa kati amekiua kwa ndara. Boksi la chini limekauka.

Kimebaki kitu kimoja: simu ya zamani ya baba watoto, isiyowaka tangu 2021, yenye picha za mahafali ya chekechea ya mkubwa na sauti ya wa kati akisoma kwa mara ya kwanza. Fundi ameahidi kuitazama Jumatatu.

Mkopo wa Pangani unarudi kesho, watoto wote wanakwenda kumsalimia Bibi yao. Nimeunakili kwanza.

Wakati tunarudisha vitu, kitinda mimba alileta karatasi mpya, rangi bado zinanuka. Nikanyoosha mkono kuchukua penseli. Akanizuia, akajilaza sakafuni, akaigeuza, akaandika mwenyewe, ulimi umetoka pembeni ya mdomo:

*Hii ni mimi na kuku wa Bibi. Kuku mmoja ameshaliwa. 14 Juni 2025.*